Ulaya kwa wiki tatu na watoto watatu: shangazi hana nyota kwenye ramani

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Walioniandikia barua pepe kuuliza kama nimehama Mbita, jibu ni hapana. Mimi nipo, ziwa lipo, na mbu nao wapo. Kilichoninyamazisha ni kazi moja niliyodhani ningeimaliza kwa jioni mbili: kupanga safari ya familia kwenda Ulaya wakati wa likizo ya Agosti. Wiki tatu. Watu wazima wawili, yaani mimi na mke wangu, na watoto watatu: binti wa miaka 7, mvulana wa miaka 4, na kitinda mimba ambaye hajatimiza miaka 2.

Hapa huwa naandika juu ya programu. Leo naandika juu ya safari, lakini mkinivumilia mtaona kwamba ni mambo yale yale. Maoni yangu nayatoa mapema ili asiye na muda aende zake: ukiwa na watoto wadogo, usipange kuizunguka Ulaya. Chagua mji mmoja ukae. Na kabla ya kuchagua mji, amua kwanza unakwenda kwa nani, au kwa ajili ya nini. Mimi nilianza kinyume, na nusura nitumie akiba ya miaka miwili kununua uchovu.

Mtunzi wa programu akipewa tatizo haketi kulifikiria, anafungua kompyuta. Nami nikafungua. Nikaorodhesha miji tisa: Amsterdam, Brussels, Paris, Köln, Munich, Vienna, Venice, Rome na Barcelona. Kisha nikaandika programu ndogo. Kila mji ulipewa alama kwa vivutio vyake, kulingana na nyota ambazo wasafiri wameviwekea mtandaoni. Kila saa ya njiani iliondoa alama, na kila euro ya nauli iliondoa alama. Kazi ya programu ilikuwa kutafuta mpangilio wenye alama nyingi kuliko yote.

Waliosoma sayansi ya kompyuta wanalijua tatizo hili. Ni lile la mchuuzi anayetaka kupita kila mji mara moja kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Ukiwa umeanzia mji mmoja na umebakiwa na miji 8, kuna mipangilio 40,320. Kwa kompyuta ya leo hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Miji iliyobaki ikifika 15, mipangilio inapita trilioni 1.3, na hapo ndipo watu huanza kuandika tasnifu. Mimi nilikuwa na 8 tu, kwa hiyo nilijiona fundi. Programu ikatema jibu: miji tisa kwa siku 21. Paris siku tatu, Rome siku tatu, Barcelona siku tatu, Köln siku tatu, na kwingineko siku mbili au moja.

Nikachapisha karatasi, nikaenda nayo kwa mama. Nilimkuta anaanika omena. Akavaa miwani, akasoma taratibu kutoka juu hadi chini.

"Kwa dada yako mtakaa siku ngapi?"

"Siku tatu, Mama."

"Na yeye ana miaka mingapi tangu aondoke hapa?"

"Sita."

Akanirudishia karatasi yangu, akaendelea kugeuza omena.

Hapa niwaeleze kidogo. Dada yangu ni muuguzi huko Köln, Ujerumani. Mwaka huu amejifungua, na hawezi kuja nyumbani na mtoto wa miezi michache. Mama magoti yanamsumbua, na amesema wazi kwamba kivuko cha kwenda Luanda Kotieno ndicho chombo cha mwisho atakachopanda maishani. Watoto wangu wanamjua shangazi yao kwa simu tu. Mvulana wangu aliwahi kuniuliza kama huko ndani ya simu kuna kitanda. Safari hii ilizaliwa kwa sababu hiyo: watoto wakamwone shangazi yao, nami nimpakate mpwa wangu. Akiba ilianza kuwekwa kwa sababu hiyo. Halafu nikafungua kompyuta, na katikati ya alama na nyota sababu yenyewe ikapotea.

Sikuwa nimeandika msimbo mbaya. Programu ilifanya kile hasa nilichoiagiza. Lakini iliweza kuhesabu tu kile kinachohesabika, na shangazi hana nyota kwenye ramani. Hakuna msafiri aliyempa nne na nusu kati ya tano. Kwa hiyo kwenye jedwali langu dada yangu alikuwa na thamani ya sifuri, na zile siku tatu alizipata kwa sababu Köln kuna kanisa kuu maarufu. (Kanisa lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1248 likamalizika mwaka 1880. Wateja wangu wanaolalamika kwamba nachelewesha kazi, someni sentensi hiyo tena.)

Sasa tuje kwenye viza, maana hapo ndipo programu nyingi za kupanga safari zinapotuacha njiani. Karibu zote zimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye pasipoti yake inafungua mlango wenyewe. Zinakuuliza: unataka kwenda wapi? Kisha: lini? Kisha: lipa. Sisi mpangilio wetu ni mwingine. Kwanza ni lazima uthibitishe kwa nini unakwenda, utalala wapi kila usiku, utalipa kwa pesa gani na utarudi kwa sababu gani. Ukishajibu hayo ndipo unasubiri, na baada ya kusubiri ndipo unajua kama una safari.

Nilizilaani zile fomu kwa wiki nzima. Lakini nakiri jambo moja. Fomu ya viza ya Schengen ina swali linalouliza kusudi la safari, lenye visanduku vya kuchagua: utalii, biashara, kutembelea jamaa au marafiki, na kadhalika. Nilikuwa nimeweka alama kwenye utalii bila kuwaza. Usiku ule niliotoka kwa mama niliketi mbele ya kisanduku kile muda mrefu. Programu yangu haikuwahi kuniuliza swali hilo, wala tovuti za safari hazikuniuliza. Lililoniuliza ni karatasi ya serikali. Nikafuta alama, nikaiweka kwenye "kutembelea jamaa". Na ajabu ni kwamba baada ya hapo kila kitu kilianza kurahisika.

Nawaeleza ilivyo, kwa faida ya wenye mpango kama wangu.

Schengen leo ni nchi 29, na viza moja inatosha zote. Uingereza na Ireland hazimo. Hizo zina viza zao. Kwa hiyo mjomba aliyeko London ambaye alitutaka tupitie kwake siku nne angetugharimu maombi mengine matano, moja kwa kila kichwa, hata cha mtoto. Nikampigia simu kumwomba radhi.

Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Katika mpango wangu wa miji tisa, Ujerumani ilikuwa na siku 5 na Italia siku 5. Zikilingana hivyo, kanuni inasema uombe kwa nchi utakayoingilia kwanza, ambayo kwangu ilikuwa Uholanzi kwa siku mbili tu! Hebu fikiria kumweleza afisa kwamba unaomba viza ya Uholanzi ili ukamwone dada yako aliyeko Ujerumani. Ukikaa mji mmoja, maelezo hayo yote hayahitajiki.

Ada ilipandishwa Juni 2024: mtu mzima euro 90, mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya 12 euro 45, wa chini ya miaka 6 halipi. Kwa familia yangu ni 90 mara mbili na 45, jumla euro 225. Ukihesabu takriban shilingi 150 kwa euro moja, ni kama shilingi 33,750, bila ada ya kituo kinachopokea maombi wala nauli ya basi la usiku kwenda Nairobi kutoa alama za vidole. (Walio chini ya miaka 12 hawatoi.) Viza ikikataliwa, ada hairudi. Ndiyo maana sikununua tiketi kwanza. Niliweka nafasi tu ambayo naweza kuifuta.

Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 kwa kila mtu, na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote mtakazokuwa huko.

Siku zinahesabiwa kwa namna inayowachanganya hata watunzi wa programu. Ukiingia tarehe 2 ukatoka tarehe 22, wengi watatoa 2 kwenye 22 wapate 20. Si 20, ni 21, kwa sababu siku ya kuingia inahesabiwa na siku ya kutoka inahesabiwa. Ni kosa lile lile la kukosea kwa moja ambalo kila mmoja wetu amelifanya kwenye kitanzi cha msimbo, ila hapa anayelikamata ni afisa wa mpakani. Na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza kuandikisha kuingia na kutoka kwa kompyuta badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo usitegemee kwamba hakuna atakayehesabu.

Halafu kuna majina. Mwaka 2010 mtunzi wa programu Patrick McKenzie aliandika orodha ndefu ya mambo yasiyo ya kweli ambayo watunzi wa programu huyaamini kuhusu majina ya watu. Nilipoisoma nilicheka. Safari hii sikucheka. Kwetu Wajaluo mtoto aliyezaliwa usiku anaweza kuwa Otieno, ndugu yake aliyezaliwa asubuhi akawa Akinyi, na jina la mwisho kwenye pasipoti ya mtoto si lazima lifanane na la baba wala la mama. Dada yangu naye anatumia jina la mumewe. Kwa mtu anayeamini kwamba familia ni watu wenye jina moja la ukoo, sisi ni wageni sita tuliokutana kituo cha basi. Dawa yake ni vyeti vya kuzaliwa: vya watoto kuonyesha wazazi wao, na vyetu mimi na dada kuonyesha mama mmoja na baba mmoja. Cheti changu kilikuwa kimeliwa na mchwa pembeni. Anza na vyeti mapema, kabla hujaanza na picha za Paris.

Dada alijitolea kusaini hati rasmi ya dhamana kwenye ofisi ya mji wake, ambayo serikali ya Ujerumani inaikubali kama uthibitisho kwamba mwenyeji atalipia gharama za wageni wake. Mke wangu akakataa, na nadhani alikuwa na haki. Hati ile si barua ya mapenzi. Ukiisaini, gharama za wageni zinaweza kudaiwa kwako. Mwanamke aliyejifungua juzi hatumwongezei mzigo huo. Tumejidhamini kwa akiba yetu wenyewe, naye ametuandikia barua ya mwaliko tu.

Sasa watoto. Huwezi kumkabidhi mteja programu ambayo hujaijaribu. Kwa hiyo Jumamosi moja nilifanya jaribio: siku moja ya utalii hapa hapa nyumbani. Nilipanga sehemu tatu Rusinga. Tuvuke daraja, tuone kaburi la Tom Mboya, tutembelee eneo la mabaki ya kale, kisha tule samaki ufukweni na kurudi. Kwa ratiba yangu, saa tano zilitosha na nafasi ikabaki.

Tulifika kwa Mboya. Binti alisikiliza vizuri habari za wanafunzi waliopelekwa Marekani kwa ndege kuanzia mwaka 1959, na za risasi za Julai 1969. Mvulana akauliza kama Mboya anasikia njaa humo ndani. Kisha tukateremka ziwani "kidogo tu", na kidogo hicho kikawa saa mbili na nusu za kurusha mawe majini. Eneo la mabaki ya kale hatukuliona. Niliwasimulia njiani kwamba mwaka 1948 Mary Leakey aligundua kisiwani fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita, na kwamba fuvu lile lilipelekwa Uingereza kwa ndege mwaka huo huo. (Halikuombwa taarifa ya benki.) Hakuna aliyenisikiliza. Wote watatu walikuwa wamelala.

Matokeo ya jaribio: sehemu moja kati ya tatu. Na hapa ni mahali wanapojua lugha, chakula na choo kilipo. Sasa chukua matokeo hayo uyaweke kwenye miji tisa, stesheni tisa, hoteli tisa, na vyumba ambavyo mara nyingi vinakubali watu wanne wakati sisi tuko watano. Utaona kwamba programu yangu ilikuwa inapanga safari ya watu wengine, watu wasio na mtoto anayetaka kuokota kila jiwe.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha safari, labda kwa sababu vitabu hivyo haviandikwi na watu wa ikweta. Watoto wetu hulala kwa saa ya jua. Hapa Mbita jua huzama karibu na saa moja jioni, Januari hadi Desemba, na giza linaingia kama mtu kazima taa. Köln mwanzoni mwa Agosti jua huzama baada ya saa tatu usiku. Mtoto aliyefundishwa na maisha yake yote kwamba mwanga maana yake ni kucheza, utamwambia nini saa mbili usiku jua likiwa dirishani? Kwa upande mwingine tuna bahati moja ambayo Wamarekani wanatuonea wivu: tofauti ya saa kati yetu na Ujerumani wakati wa kiangazi ni moja tu. Mwili hauchanganyikiwi na saa, unachanganyikiwa na jua. Suluhisho ni mapazia mazito na siku chache za kuzoea. Ukihama kila baada ya siku mbili, hakuna pazia utakalolizoea.

Na hitilafu ya mwisho, ambayo ilinifanya niamke usiku. Kwa kanuni za kawaida za mashirika ya ndege, mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 husafiri mapajani kwa sehemu ndogo ya nauli. Kitinda mimba wetu anatimiza miaka 2 tarehe 15 Agosti. Anaondoka Nairobi akiwa na mwaka mmoja na anarudi akiwa na miaka miwili, yaani kurudi anahitaji kiti chake. Programu yangu iliuliza umri wa kila abiria mara moja tu, siku ya kuondoka. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Ukiwa na mtoto wa rika hilo, angalia umri wake siku ya kurudi kabla hujapiga hesabu ya nauli.

Najua wengine mmeshaanza kutikisa kichwa. Rafiki yangu mmoja wa Kisumu aliponisikia alisema, "Ndugu yangu, Ulaya huendi kila Jumapili. Umeshalipa nauli ya ndege, ambayo ndiyo kubwa, halafu unakwenda kukaa sebuleni kwa dada yako? Paris iko hapo hapo!" Ni hoja nzito na siidharau. Ni kweli nauli ya ndege ndiyo gharama kubwa. Ni kweli kutoka Köln hadi Paris kwa treni ya kasi ni kama saa tatu na dakika ishirini. Ni kweli pia kwamba labda hatutarudi tena. Ningekuwa na mke wangu tu, au watoto wangekuwa na miaka kumi kwenda juu, ningemfuata.

Lakini hebu tuitazame hoja hiyo kwa makini. Inasema kwamba kwa kuwa nafasi ni moja, tuijaze. Mimi nasema kwa kuwa nafasi ni moja, tusiiharibu. Mvulana wa miaka 4 hatakumbuka Venice. Huenda hata shangazi hatamkumbuka vizuri. Ila shangazi atamkumbuka yeye. Ataijua sauti yake, atajua kwamba hapendi maziwa yenye utando na kwamba analala akishika sikio la mtu. Siku ambayo mmoja wao atahitaji mwenzake, miaka kumi na tano ijayo, hatakuwa anapigia simu picha. Hilo halipatikani kwa siku tatu zilizobanwa kati ya Paris na Munich. Linapatikana kwa wiki tatu za kukaa, kuboreka pamoja, kugombana kidogo, na kuosha vyombo.

Na kwa asiye na shangazi Ulaya, bado nasema hivyo hivyo. Chagua mji mmoja kwa sababu moja unayoweza kuitamka kwa sentensi fupi. Ukishindwa kuitamka, bado hujawa tayari kujaza ile fomu.

Kwa hiyo mpango wetu sasa ni huu. Kutoka Mbita hadi Kisumu kwa gari, Kisumu hadi Nairobi kwa ndege, Nairobi hadi Frankfurt usiku. Kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt hadi Köln ni kama saa moja kwa treni. Kwa Shirika la Reli la Ujerumani mtoto wa chini ya miaka 6 hahitaji tiketi, na mwenye miaka 6 hadi 14 husafiri bure na mzazi wake. Kisha Köln, siku zote 21. Jambo moja kwa siku, tena asubuhi. Kila siku ya tatu hakuna kitu kabisa: ni uwanja wa watoto kucheza, ambao ni bure, na kulala mchana. Kuna safari mbili za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, Bonn na Brussels, nazo ni za hiari. Watoto wakiamka vibaya, hatuendi. Jedwali langu lilikuwa na mistari 140, sasa lina 19. Na lile tatizo la mchuuzi na miji yake nimelitatua: njia bora ya kulitatua ni kupunguza idadi ya miji hadi ibaki mmoja. Sitarajii tuzo.

Binti yangu peke yake ndiye hajaridhika. Aliuliza kama ataona theluji, nikamwambia Agosti ni kiangazi, hakuna theluji Köln. "Sasa hiyo ni Ulaya gani?" akaniuliza, na kusema kweli sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia ni Ulaya yenye shangazi. Alifikiri, akasema sawa, lakini shangazi huyo amnunulie baiskeli.

Mama naye ameshaanza kufunga mizigo, ingawa yeye haendi. Nilimweleza kwamba nyama na vyakula vya maziwa havipiti mpakani Ulaya, kwa hiyo samli yake ibaki. Alinuna. Nikamwambia samaki waliokaushwa wanaruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani, hadi kilo 20 kwa msafiri. Akanitazama kama mtu aliyesikia habari njema ya kwanza tangu mambo haya ya Ulaya yaanze. Kila asubuhi sasa kuna omena ya kawaida, na kuna omena ya Köln, iliyoanikwa kando na kuchambuliwa moja moja.

Maombi tumeshayapeleka. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, na yanaweza kufika 45. Mpaka ninapoandika haya sijui kama tutapewa. Tukinyimwa, ada itakuwa imekwenda, na nitakuwa na kazi ngumu ya kuwaeleza watoto watatu na mama mmoja. Lakini akiba ya nauli ipo, kwa kuwa hatukununua tiketi, na sababu ya safari haitakuwa imefutwa na muhuri wa mtu. Mtoto wa dada atakua, magoti ya dada ni mazima, na nauli iliyotosha watu watano kwenda itatosha wawili kuja. Hilo programu yangu ya kwanza isingeweza kuniambia, kwa sababu ndani yake hakukuwa na mahali pa kuandika jina la mtu.

Wenye safari kama hii, anzeni na jina hilo. Miji itafuata.

Haya, nawaacha. Omena ya Köln imeachwa nje na naona wingu linakuja kutoka upande wa Mfangano.